Kikombe cha Fundi na Sheria ya Uingereza

Kikombe cha baba kilikuwa cha bati, cheupe, chenye ukingo wa buluu, na kilitundikwa kwenye msumari nje ya mlango wa duka, karibu na cherehani yake. Baba alikuwa fundi cherehani. Alishona barazani kwa Mhindi mmoja aliyeuza vitambaa chini ya kilima cha Old Kampala. Sisi tulimwita Mhindi huyo Tajiri, naye alimwita baba Fundi. Mteja alinunua kitambaa ndani, kisha akatoka barazani kupimwa. Kazi ilikwenda hivyo tangu kabla sijazaliwa.

Asubuhi chai ililetwa kutoka jikoni, nyuma ya duka. Tajiri na watu wake walikunywa katika vikombe vya kauri vyenye maua. Ya baba ilimiminwa kutoka juu, ili mdomo wa birika usiguse kikombe chake. Akishamaliza alikiosha mwenyewe kwenye bomba la uani, akakirudisha msumarini. Sikumbuki mtu yeyote kumkataza kutumia kikombe kingine. Hakuna aliyehitaji kumkataza. Tajiri alikuwa Mwislamu kama sisi. Ijumaa yeye na baba walisimama safu moja msikitini, bega kwa bega, kisha walirudi dukani pamoja wakizungumza, na chai ikija kila mtu alishika kikombe chake.

Tajiri alikuwa na binti aliyekuwa rika moja na kaka yangu. Nilimwita Dada, kama ilivyo heshima kwa aliyekuzidi umri. Mimi nilipomaliza darasa la saba nilikaa nyumbani, nikawa namsaidia baba kupinda na kutia vifungo. Dada alikuwa amesoma sekondari. Alikaa nami barazani na gazeti la Kiingereza, akalisoma polepole, halafu akanigeuzia kwa Kiswahili. Mambo mengi ninayoyajua ya nchi za mbali niliyapata pale.

Mwaka ule Rais wa kijeshi alipotangaza kwamba Wahindi wote waondoke ndani ya siku tisini, gazeti lilisomwa na watu wengi zaidi. Tajiri alikuwa na pasi ya Kiingereza, na mtoto wake mkubwa wa kiume alikuwa Uingereza tayari, akifanya kazi kiwandani. Asubuhi moja alitoka ndani na gazeti mkononi, akasimama mbele ya cherehani.

"Fundi, sikiliza hii. Kule Uingereza iko sheria. Mtu hawezi nyima wewe nyumba kwa sababu ya rangi. Hawezi nyima kazi. Ukiingia hoteli, hawezi sema hapa hakuna chai yako."

Baba alikuwa katikati ya mshono mrefu wa suruali. Hakusimamisha mguu.

"Na akisema?"

"Unapeleka mashtaka kwa serikali. Serikali inamuuliza yeye, kwa nini hapana chai?"

"Serikali ya wazungu inamuuliza mzungu?"

"Ndiyo. Iko hivyo."

Baba alifika mwisho wa mshono, akakata uzi kwa meno. "Sheria nzuri," alisema. "Sasa ni chai tu, Tajiri, au na kikombe?"

Mteja aliyekuwa anasubiri suruali yake alicheka sana. Tajiri naye alicheka, kwa kuchelewa kidogo, kisha akaingia ndani. Dada hakucheka. Nilimwona akiuangalia ule msumari.

Alipobaki nami peke yangu aliniambia, "Wametunga sheria kwa sababu watu wanafanya. Huwezi kukataza jambo ambalo hakuna anayelifanya."

Siku nyingine alinisomea tangazo. Mji mmoja wa Uingereza ulikuwa umelipia nafasi katika gazeti letu, hapa Kampala, kuwaomba Wahindi wa Uganda wasiende kukaa kule. Nyumba zimejaa, shule zimejaa.

"Na hili nalo sheria inaliruhusu?" nilimuuliza.

Alilitazama tangazo tena. "Sijui. Labda sheria inamkataza mtu. Mji haiukatazi."

Wakati huo shida yake mwenyewe ilikuwa imeshaanza. Tajiri na mkewe walikuwa Waingereza kwa karatasi. Dada alizaliwa Kampala, na alipotimiza umri alichukua uraia wa Uganda, kwa sababu aliipenda nchi na hakuwa na mpango wa kuishi kwingine. Alipopanga foleni kuhakikisha uraia, kama Wahindi wote walivyoamriwa, mtu wa dirishani alizichukua karatasi zake, akasema zina kasoro, akampigia muhuri wa kuzifuta. Akaenda ubalozini kwa Waingereza. Wakamwambia yeye ni mtu mzima, hawezi kuingia kwa pasi ya baba yake, na alishachagua nchi nyingine. Alirudi barazani akakaa chini kwenye sakafu. Hakuwa wa hapa, na hakuwa wa kule. Siku za kuondoka zilikuwa zinakwisha, na kila mtu mjini alijua habari za wasichana waliochukuliwa kwenye vizuizi vya njia ya Entebbe, iendayo uwanja wa ndege. Mhindi atakayekutwa baada ya siku ya mwisho, ilisemekana, atawekwa kambini na wanajeshi.

Kwa sababu hiyo Tajiri alikuja nyumbani kwetu.

Hakuwahi kuingia hata mara moja, ingawa nyumba yetu ilikuwa nyuma ya duka lake, ng'ambo ya ua. Alikuja baada ya sala ya alasiri pamoja na mkewe, akiwa na sahani ya halua iliyofunikwa kitambaa. Mama aliwatandikia mkeka mpya. Kaka alikuwa kazini kwenye bandari ya Port Bell, alikokuwa akisaidia kuingiza mabehewa kwenye meli. Mimi nilikuwa pale pale ndani, nikitia vifungo.

Tajiri hakusema Fundi. Alisema, "Ndugu yangu."

Baba alinyanyua uso.

"Ndugu yangu, nimekuja kuomba. Wewe iko na mtoto mwanamume. Mimi iko na mtoto mwanamke. Wote Waislamu. Akiolewa na mtu wa hapa, atakaa hapa, hakuna wa kumgusa. Kesho shehe anafunga ndoa. Mimi sitaki mahari. Sitaki kitu."

Baba aliuliza, "Tajiri, mwaka jana ungeyasema haya?"

"Mwaka jana ni mwaka jana."

"Nauliza tu."

"Basi nakujibu. Hapana. Mwaka jana nisingesema."

Baba alimtazama mama, na mama alimtazama mke wa Tajiri. Yule mama alikuwa ameinama, anakunja na kukunjua ncha ya mtandio wake.

"Mwambie, dada," mama alisema.

Mke wa Tajiri alitikisa kichwa.

"Mwambie wewe. Ni mumeo."

Mama akamgeukia Tajiri. "Haiwezekani. Binti yako ni mwanangu."

"Ndiyo, mama, ndiyo. Watoto wote ni wetu."

"Sisemi kwa adabu. Nimemnyonyesha."

Tajiri alitabasamu kama mtu anayesubiri kuelezwa. Halafu tabasamu likatoka usoni kidogo kidogo. Kwetu, na kwao pia, jambo hili halina mjadala. Watoto walionyonya kwa mama mmoja ni ndugu. Kuoana kwao ni kama kuoana kwa waliozaliwa tumbo moja.

Mkewe ndiye aliyemaliza habari, kwa sauti ya chini. Alipojifungua Dada alishikwa na homa kali akalazwa Mulago. Tajiri alikuwa safarini Mombasa kufuata mzigo. Mtoto alibaki na bibi yake, mama wa Tajiri, na kila maziwa ya kopo aliyopewa aliyatapika. Alikuwa anakwisha. Ng'ambo ya ua kulikuwa na mke wa fundi mwenye mtoto mchanga na maziwa tele. Yule bibi alimfunika mjukuu wake kwa shuka, akapita mlango wa nyuma. Akaja tena, na tena, mpaka mama wa mtoto alipopona. Kisha akawaapisha wanawake wote wawili wasiseme. Watu wakisikia mtoto amekuzwa kwa maziwa ya mwanamke mweusi, alisema, nani atamwoa?

Bibi huyo alikuwa amekufa zamani. Mama alimwambia baba peke yake, ili siku moja watoto wasije wakakosea. Mimi na kaka hatukujua. Dada hakujua.

Tajiri alimsemesha mkewe kwa lugha yao, haraka haraka. Yeye alimjibu kwa Kiswahili, nadhani kwa makusudi, tusikie sote.

"Ningekuambia vipi? Baba yake wa maziwa kikombe chako hapewi."

"Ningefanya nini?" Tajiri alisema. "Ningemtapisha?"

Sijui angefanya nini. Nadhani hata yeye hakujua.

Baadaye alifuta uso kwa leso, akasema taratibu, "Nani anajua? Sisi tu. Ndoa ya karatasi. Mtoto wako atalala kwake, wangu kwake. Tunanyamaza, basi."

Nilimwona baba akiwaza. Alimpenda Dada. Alikuwa akimshonea nguo tangu utotoni kwa vipande vilivyobaki. Lakini aliyejibu ni mama.

"Nilinyamaza mara moja kwa sababu mliona aibu na rangi yangu. Mara hii sinyamazi. Siwezi kumwita mwanangu mkwe mbele ya Mungu."

"Wanajeshi watamchukua."

"Najua."

"Unajua, na unasema hapana?"

"Nasema hapana. Mlete akae hapa kama mtoto wangu. Hilo naweza. Hili lingine siwezi."

Waliondoka, wakaiacha halua. Mama aliingia chumbani akalia kwa muda mrefu, na baba alikaa mlangoni asimsumbue. Kaka aliporudi kutoka Port Bell, akiwa na vumbi la makaa mpaka masikioni, baba alimweleza yote. Alisikiliza, akala kipande cha halua.

"Kumbe hata maziwa yangu nilikuwa nagawana," alisema. Kisha akaacha kutafuna. "Lakini mngeniuliza na mimi."

"Ungesema nini?"

"Hilo hilo. Ila mngeniuliza."

Kesho yake Dada alikuja, mama yake akiwa ameshamweleza. Safari hii hakupita nyuma, alizunguka barabarani akaingia kwa mlango wa mbele. Hakusema habari yoyote ya jana. Alikaa jikoni karibu na mama, akachukua kisu, akaanza kumenya ndizi, vibaya, akiacha nyama nyingi kwenye maganda. Mama alimwelekeza mkono. "Hivi, mwanangu." Wakamenya mpaka kapu likaisha.

Wazazi wake walipoondoka yeye alibaki kwetu. Kulikuwa na habari kwamba wasio na nchi wataletewa ndege ya kuwapeleka kwenye makambi Ulaya, na jina lake lilikuwa limepelekwa. Tuliisubiri ndege hiyo. Dada alilala chumba kimoja nami, na kila gari lilipopunguza mwendo nje alikaa kitako.

Waliokuja walikuwa askari watatu, mchana, na mmoja wao hakuwa na kofia. Majirani walifunga milango. Aliyekuwa mkubwa wao alimnyooshea Dada kidole.

"Hii Muhindi nafanya nini hapa?"

"Ni mtoto wangu," mama alisema.

Walicheka. "Mama, wewe mweusi kama sufuria. Hii ulizaa na nani? Na Muhindi ya duka?"

Baba alikuwa amesimama ukutani.

"Sikumzaa. Nimemnyonyesha. Pamoja na kijana wangu."

Yule asiye na kofia alikuwa Mwislamu, nilijua kwa tasbihi iliyokuwa mfukoni mwake, ncha ikitokeza. Alisema kitu kwa mkubwa wake kwa lugha ya kwao. Wakabishana. Mkubwa alimtazama mama tena, safari hii bila kucheka.

"Na wewe, Kiswahili hii safi natoa wapi? Nyinyi watu ya Tanzania?"

"Babu zangu walitoka pwani na biashara. Mimi nimezaliwa hapa. Wamezikwa hapa hapa."

"Kila mtu nasema nazaliwa hapa. Ile Muhindi pia nazaliwa hapa."

Hilo lilikuwa kweli. Kusini, kwenye mpaka wa Tanzania, kulikuwa kumetokea mapigano, na tangu hapo mtu aliyesema Kiswahili kizuri aliulizwa kwao ni wapi. Kiswahili kibovu kilikuwa cha jeshi na hakikumtia mtu mashakani.

Walichukua redio. Mlangoni yule asiye na kofia alimwambia Dada, bila kumtazama, "Siku yako ikifika, ondoka. Mtu mwingine hatasikia habari ya maziwa."

Siku ikafika. Baba na kaka walimsindikiza mpaka barabarani, lilipokuwa basi la uwanja wa ndege, kisha wakarudi. Mama hakwenda. Alimwombea dua kizingitini, mkono juu ya kichwa chake, na Dada alisimama ameinama mpaka ikaisha, ingawa dereva wa basi alikuwa anapiga honi.

Duka lilipewa mtu wa jeshini. Kwa muda mfupi alimwacha baba barazani, kisha siku moja akamwambia hataki watu wa Tanzania mbele ya duka lake. Baba alimwambia miaka aliyoshona pale. Yule bwana alisema, miaka hiyo kamuulize Muhindi wako. Tuliibeba cherehani mimi na kaka, na baba aliubeba ubao wa kukatia. Kikombe alikitoa msumarini mwenyewe, akakitia mfukoni mwa koti. Sasa anakunywa chai nyumbani kwa kikombe hicho hicho. Nyumba ina vikombe vingine. Sijamuuliza.

Ilipita zaidi ya mwaka bila habari. Halafu ikaja barua, bahasha ikiwa imefunguliwa na kugundishwa upya. Dada alikuwa amekaa kambini Austria, theluji mpaka dirishani, kisha akaruhusiwa kuwafuata wazazi wake Uingereza. Alifanya kazi ya kushona kiwandani. Nilimsomea mama polepole, maana ndivyo ninavyosoma.

Alikuwa ametafuta chumba. Aliona tangazo dirishani, akagonga, na mwenye nyumba alimwambia kimechukuliwa. Kesho yake mzungu mmoja wa kiwandani kwao aligonga mlango ule ule, akaambiwa karibu, kipo. Dada aliikumbuka sheria. Baba yake alimwomba aliache jambo hilo, wasijulikane kwa ugomvi. Hakuliacha. Alikwenda kwenye ofisi inayopokea malalamiko ya aina hiyo, na mtu wa pale alimsikiliza mpaka mwisho na kuandika yote. Ilichukua miezi. Mwisho mwenye nyumba aliandika barua ya kuomba radhi. Wakati huo chumba kilikuwa na mpangaji mwingine.

Watu wa ofisi ile walimwita na baba yake, maana siku ya kwanza alikuwa naye mlangoni. Walimuuliza kama anafahamu maana ya mtu kubaguliwa. Dada aliandika hivi: "Baba alisema anafahamu. Wakamuuliza amefahamu vipi. Alikaa kimya mpaka wakaendelea na swali lingine."

Baba, aliyekuwa anatunga uzi kwenye sindano, alisimamisha mkono. Kisha akaendelea.

"Na chumba?" mama aliuliza.

"Hakukipata."

"Sasa analala wapi?"

"Kwa wazazi wake. Wanabanana."

"Anakula vizuri huko?"

"Hajaandika, mama."

Mama alitaka nimjibu siku hiyo hiyo. Nikaleta karatasi. Baba alisema niwe mwangalifu, barua zinafunguliwa, tusiandike habari za duka, za redio, wala za kaka, ambaye siku hizo alikuwa akilala Port Bell kwa rafiki yake kwa sababu vijana wenye Kiswahili kama chake walikuwa wanakamatwa njiani. Nikakubali. Nikauliza nianze vipi. Baba alisema niandike jina lake tu, na salamu.

"Andika mwanangu," mama alisema.

"Watauliza," baba alisema. "Barua inakwenda kwa Mhindi, Uingereza. Watakuja kuuliza mwana wa namna gani."

"Wakiuliza nitawaambia. Wale wa kwanza niliwaambia."

Baba alimtazama, kisha akarudi kwenye sindano yake. Nikaandika. Mwandiko wangu ni wa polepole, na kalamu ilikuwa inakwaruza. Mama aliinama juu ya bega langu, yeye asiyejua kusoma herufi hizi za kizungu, akaniuliza lile neno ni lipi. Nikamwonyesha kwa kidole. Aliliangalia mpaka wino ukakauka.